Namba 2,147,483,647: ilivyojaa kwenye orodha ya simu, na tunavyojua kuwa ni tasa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtunza hesabu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Kibosho, Moshi. Tumehamisha daftari la wanachama kwenda kwenye programu ya kompyuta, na tulipotaka kutuma malipo kwa simu tukakuta wanachama wengi wana namba moja ile ile, 2147483647, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika. Kijana aliyetuwekea programu amesema hiyo ni namba tasa, na kwamba kompyuta haiwezi kuivuka kwa sababu ni tasa. Binti yangu wa kidato cha tatu naye ameniuliza: mtu anawezaje kujua kwamba namba ya tarakimu kumi ni tasa bila kuigawa kwa kila namba iliyo chini yake? Naomba utufafanulie sote.

JIBU: Marahaba. Kijana wenu amesema mambo mawili. La kwanza ni kweli na la pili si kweli. Namba 2,147,483,647 ni tasa, yaani hakuna namba nzima inayoigawa bila baki isipokuwa 1 na yenyewe. Hata hivyo, kompyuta haikukwama hapo kwa sababu hiyo, na ingekwama hapo hapo hata kama namba hiyo ingegawanyika kwa 3. Nitaanza na orodha yenu ya simu, kwa kuwa wakulima wanangoja malipo yao, kisha nitakaa zaidi kwenye swali la binti yako, ambalo nimefurahi sana kulipata kutoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Kompyuta huhifadhi namba kwa biti, ambazo ni nafasi ndogo ndogo zinazobeba 0 au 1. Mtengenezaji wa programu anapoamua kwamba safu fulani ya jedwali itabeba namba nzima za kawaida, mara nyingi kila namba hutengewa baiti nne, sawa na biti 32. Biti moja hutumika kupambanua chanya na hasi, na zinabaki 31 za kubeba ukubwa wenyewe. Ukizijaza zote kwa 1, unapata jumla ya 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea maradufu hadi 2³⁰. Jumla za namna hiyo siku zote hupungua kwa moja tu kufikia namba ambayo ingefuata kwenye mfuatano: 1 + 2 + 4 ni 7, moja chini ya 8, 1 + 2 + 4 + 8 ni 15, moja chini ya 16. Kwa nafasi 31 jumla ni 2³¹ − 1, nayo ndiyo 2,147,483,647. Upande wa hasi hufika −2,147,483,648, ambayo ni hatua moja zaidi, kwa sababu sifuri imekula nafasi moja upande wa chanya.

Sasa tazama namba zenu. Mwanachama aliyeandikwa kwa kuanza na 07 ana tarakimu kumi, lakini kompyuta inayoichukua kama namba ya hesabu huitupa sifuri ya mwanzo, kisha hubaki na namba ya milioni mia saba na kitu, ambayo inaingia bila shida. Aliyeandikwa kwa kuanza na 255 ana tarakimu kumi na mbili, yaani zaidi ya bilioni 255, na hiyo haiwezi kuingia kwenye nafasi 31. Hifadhidata isiyowekewa masharti makali haikatai namba iliyozidi; huibana na kuandika ile kubwa kuliko zote inayoweza kuibeba. Kagueni orodha yenu, na naamini mtakuta kwamba waliopata 2147483647 ni wale walioandikwa kwa 255, na kwamba wale wa 07 na 06 wamebaki na namba zao ila zimepoteza sifuri. Zilizobanwa haziwezi kurudishwa kutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo rudini kwenye fomu za karatasi. Kabla hamjaziingiza upya, mwambieni fundi abadilishe aina ya safu hiyo iwe ya maandishi, kwa sababu hakuna mtu anayejumlisha wala kuzidisha namba za simu. Afanye vivyo hivyo kwa namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo ina tarakimu 20 na itawaletea balaa kubwa zaidi.

Kikomo hicho hicho kina tarehe yake. Mifumo mingi ya zamani huhesabu muda kwa sekunde zilizopita tangu saa sita kamili usiku kwa saa za Greenwich, tarehe 1 Januari 1970, na huiweka hesabu hiyo kwenye biti 32 zenye alama ya hasi. Sekunde ya 2,147,483,647 itaangukia Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, ambapo hapa kwetu itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi na sekunde 7. Mfumo ambao hautakuwa umerekebishwa hautaibana namba, bali utafanya kama mita ya kilomita ya gari iliyofika mwisho wa tarakimu zake, isipokuwa mita hii huanguka hadi mwisho wa upande wa hasi, na tarehe itasomeka Desemba 1901. Mifumo mipya hutumia biti 64 na haina hofu hiyo kwa mabilioni ya miaka. Kama programu yenu inahesabu mikopo ya muda mrefu, ni vema kumwuliza fundi tangu sasa.

Sasa nije kwenye dai kwamba kompyuta hukwama kwa sababu namba ni tasa. Njia ya haraka ya kulipima ni kutazama vikomo vingine vya aina hiyo. Kwa biti 8 kikomo ni 2⁷ − 1, yaani 127, ambayo ni tasa. Kwa biti 16 kikomo ni 2¹⁵ − 1, yaani 32,767, na hii ni 7 × 31 × 151. Kwa biti 64 kikomo ni 2⁶³ − 1, yaani 9,223,372,036,854,775,807, nayo pia inagawanyika kwa 7. Kompyuta zinakwama kwenye hizo zote bila kujali kama ni tasa au si tasa, kwa sababu kinachozikwamisha ni kwisha kwa nafasi.

Lakini kwa nini 7 inaingia kwenye mbili kati ya hizo na haiingii kwenye yenu? Hapa ndipo hisabati yenyewe inapoanza. Ukigawa 2³, yaani 8, kwa 7, baki ni 1. Namba mbili zenye baki 1 zikizidishwa, zao lake nalo lina baki 1, kwa hiyo 2³ ukiizidisha yenyewe mara tano, ukapata 2¹⁵, au mara ishirini na moja, ukapata 2⁶³, baki inabaki kuwa 1 ile ile. Ukitoa 1 hakuna kinachobaki. Kwa 31 haiwi hivyo, kwa sababu 31 haigawanyiki kwa 3. Unafika 2³⁰ ukiwa na baki 1, unazidisha kwa 2 mara moja zaidi, baki inakuwa 2, na ukitoa 1 inabaki 1. Kwa hoja ya namna hiyo tunapata kanuni ya jumla: kipeo kikiwa namba inayogawanyika, basi namba ya umbo la 2 kwa kipeo hicho, kutoa 1, nayo inagawanyika. Kwa kuwa 15 ni 3 × 5 na 63 ni 7 × 9, vikomo viwili vile havikuwa na njia ya kuwa tasa. Kwa 7 na 31, ambazo ni tasa zenyewe, mlango unabaki wazi.

Nasema mlango unabaki wazi, kwa maana kipeo kuwa tasa hakutoshi. Kipeo 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89. Kipeo 23 ni tasa, lakini 2²³ − 1 ni 8,388,607, ambayo ni 47 × 178,481. Kipeo 29, jirani wa karibu kabisa wa 31 miongoni mwa namba tasa, kinatoa 536,870,911, ambayo ni 233 × 1,103 × 2,089. Watu hodari waliteleza hapa. Mwitalia Pietro Cataldi, katika kitabu alichochapisha mwaka 1603, alithibitisha vizuri kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa, kisha akadai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Kati ya vinne hivyo, ni 31 peke yake iliyosimama. Mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne, ambaye namba hizi zinaitwa kwa jina lake, alitoa orodha yake mwaka 1644 na 31 imo ndani yake kwa usahihi. Lakini aliweka pia 67 na 257, ambazo si sahihi, na akaziacha 61, 89 na 107, ambazo zilistahili kuwamo. Kwa hiyo binti yako ana haki kabisa ya kutoridhika na neno la mtu aliyesema tu kwamba ni tasa, awe fundi wa kompyuta au awe Mersenne.

Uthibitisho wa kweli ulitoka kwa Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi Urusi katika jiji la St. Petersburg, na ulijulikana mwaka 1772, wakati ambapo macho yake yalikuwa karibu yamepofuka kabisa. Nitaufuata hatua kwa hatua, kwa sababu hauhitaji zaidi ya kugawa na kuangalia baki.

Hatua ya kwanza binti yako huenda anaijua tayari. Namba ikiwa na kigawo, vigawo huja kwa jozi, na mmoja wa jozi hauwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Kwetu hapa 46,340 × 46,340 ni 2,147,395,600, ambayo ni ndogo kuliko namba yetu, na 46,341 × 46,341 ni 2,147,488,281, ambayo imeipita. Kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta kigawo zaidi ya 46,340, na inatosha kutafuta miongoni mwa namba tasa. Tumeshuka kutoka mabilioni hadi namba tasa zinazokaribia 4,800. Cataldi aliishia kwenye hatua hii; kwa 2¹⁹ − 1 kipeuo cha pili ni 724 na kitu, na jedwali lake la namba tasa lilifika 750, likamtosha. Kwa 2³¹ − 1 njia hiyo ni ndefu mno kwa mkono, na ndiyo maana dai lake la 31 lilibaki dai tu.

Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tuchukue mfano mdogo kwanza, 2,047 na kigawo chake 23. Anza na 2, zidisha kwa 2 kila mara, na kila unapopita 23 chukua baki. Unapata 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Kwenye hatua ya kumi na moja umerudi kwenye 1, na ukiendelea mzunguko unaanza upya: 2, 4, 8 na kadhalika. Kurudi kwenye 1 katika hatua ya 11 ndiko kusema kwamba 23 inaigawa 2¹¹ − 1. Sasa Mfaransa Pierre de Fermat alieleza mwaka 1640 kwamba, kwa namba tasa yoyote witiri, mabaki haya lazima yarudi kwenye 1 ukifika hatua iliyo moja chini ya namba hiyo. Kwa 23 ni hatua ya 22. Mzunguko wenye urefu wa 11 unaweza kutua kwenye hatua ya 22 kwa sababu tu 22 inagawanyika kwa 11. Kigawo kingine cha 2,047 ni 89, na ukitoa 1 unapata 88, ambayo nayo inagawanyika kwa 11.

Rudi sasa kwenye namba yetu. Chukulia kwamba ipo namba tasa inayoigawa 2³¹ − 1. Mabaki ya vipeo vya 2 kwa namba hiyo yatarudi kwenye 1 kwenye hatua ya 31, kwa hiyo urefu wa mzunguko ni kigawo cha 31. Lakini 31 ni tasa, kwa hiyo urefu ni 1 au 31. Hauwezi kuwa 1, kwa maana 2 yenyewe ingebidi iwe na baki 1, na hakuna namba tasa inayofanya hivyo. Basi urefu ni 31, na kwa kanuni ya Fermat namba hiyo tasa ukiitoa 1 lazima igawanyike kwa 31. Tena ni witiri, kwa hiyo ukiitoa 1 inagawanyika kwa 2 pia. Kwa maneno mengine, kigawo chochote tasa cha namba yetu lazima kizidi kwa 1 kigawe fulani cha 62. Hadi 46,340 namba za umbo hilo ziko 747 tu, nyingine zikiwa tasa na nyingine zisiwe tasa. Kwa hoja moja, bila kugawa hata mara moja, tumezitupa 3, 5, 7, 11, 13 na maelfu ya wenzao, tukiwa na uhakika kwamba hakuna hata moja kati yao inayoweza kuigawa namba yetu.

Hatua ya tatu inapunguza tena kwa nusu. Ikiwa kuna namba tasa inayoigawa, basi 2³¹ ina baki 1 kwa namba hiyo, na 2³² ina baki 2. Lakini 2³² ni 2¹⁶ iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo kwa namba hiyo tasa ipo namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe hutoa baki 2. Si kila namba tasa inakubali jambo hilo. Kwa 7 inawezekana, kwa kuwa 3 × 3 ni 9 na baki ni 2. Kwa 17 inawezekana, kwa kuwa 6 × 6 ni 36 na baki ni 2. Kwa 23 inawezekana kwa 5 × 5. Kwa 3, 5, 11 na 13 haiwezekani hata ujaribu vipi, na kwa namba ndogo kama hizo mtu anaweza kujaribu zote kwa dakika chache. Kanuni, ambayo uthibitisho wake ni mrefu na ninauacha, ni kwamba zinazokubali ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 hubakiza 1 au 7. Ukiunganisha sharti hili na lile la 62, zinabaki namba za aina mbili tu: zile zinazozidi kwa 1 kigawe cha 248, na zile zinazozidi kwa 63 kigawe cha 248. Hadi 46,340 ziko 373, na ya kwanza kabisa, 63, inajiondoa yenyewe kwa kuwa ni 9 × 7. Nyingi kati ya zilizobaki nazo si tasa: 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, 745 inaishia na 5. Ukizichuja hivyo, namba tasa za kujaribu kwa kweli hazifiki mia moja. Euler aliandika kwamba alizipitia zote za aina hizo mbili hadi 46,339 na hakukuta hata moja inayoigawa namba yetu.

Na kila jaribio ni jepesi kuliko linavyoonekana. Huna haja ya kugawa namba ya tarakimu kumi, kwa sababu namba yetu ni 2 × 2¹⁵ × 2¹⁵ kutoa 1, na 2¹⁵ ni 32,768. Gawa 32,768 kwa namba unayoijaribu, chukua baki, izidishe yenyewe kwa yenyewe, kisha mara mbili, halafu chukua baki tena. Ikitoka 1, umepata kigawo. Ikitoka kitu kingine, namba hiyo haiigawi. Ya kwanza kwenye orodha ni 311. Ukigawa 32,768 kwa 311 unabakiwa na 113. 113 × 113 ni 12,769. Mara mbili ni 25,538. Ukigawa kwa 311 unabakiwa na 36. Si 1, kwa hiyo 311 imetoka. Inayofuata ni 1,303: baki ya kwanza ni 193, inayozaa 37,249, kisha 74,498, na baki ya mwisho ni 227. Imetoka nayo. Ya tatu ni 1,489, na hii ni zawadi, kwa sababu 1,489 × 22 ni 32,758 na baki ni 10 tu. 10 × 10 mara mbili ni 200, na jibu limepatikana bila hata kalamu.

Siku hizi upo mtihani mwingine wa namba za Mersenne, alioutunga Mfaransa Édouard Lucas katika karne ya 19 na kunyooshwa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer mwaka 1930. Unaanza na 4, unaizidisha yenyewe kwa yenyewe, unatoa 2, unachukua baki kwa namba unayoipima, na unarudia mara pungufu ya kipeo kwa 2. Mwisho ukipata 0 namba ni tasa, na usipopata 0 si tasa. Kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1, unarudia mara tatu: 4 inazaa 14, 14 inazaa 194, ambayo baki yake ni 8, na 8 inazaa 62, ambayo baki yake ni 0. Kwa namba yenu ni mara 29, lakini mazao yake yanafika tarakimu kumi na tisa, na kikokotoo cha kawaida hakiyabebi yote. Kwa mkono wa mwanafunzi naiona njia ya Euler kuwa bora, na ina faida nyingine kwamba kila hatua yake inaeleweka. Mtihani wa Lucas na Lehmer ndio unaotumika kwa majitu ya sasa: mnamo Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kutoa 1, ni tasa, namba yenye tarakimu 41,024,320.

Yapo mambo mengine mawili kuhusu namba yenu ambayo binti yako angependa kuyajua. La kwanza ni la kale. Namba huitwa kamilifu ikiwa jumla ya vigawo vyake vyote, isipokuwa yenyewe, inalingana nayo, kama 6, ambayo ni 1 + 2 + 3, au 28, ambayo ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Mgiriki wa kale Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya umbo letu huzaa namba kamilifu. Namba yenu, ikizidishwa kwa 2³⁰, inatoa 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa namba hizi ni za kushangaza tu na hazina manufaa, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, na utafutaji haujakoma tangu hapo.

La pili linahusu neno hilo la kukosa manufaa. Kompyuta inapohitaji namba za kubahatisha, kwa mfano kuchagua magunia ya kukagua bila upendeleo, haina bahati ndani yake, inabidi ikokotoe. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza kwamba kipimo cha chini kabisa kiwe njia hii: chukua namba, izidishe kwa 16,807, kisha chukua baki kwa 2,147,483,647, na urudie. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658, na mfuatano unaendelea kurukaruka hivyo. Namba 16,807 ni 7 kwa kipeo cha 5, na imechaguliwa kwa uangalifu ili mfuatano upite kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kurudia hata moja. Hapa ndipo kuwa tasa kunapofanya kazi kwelikweli. Kama namba tunayochukulia baki ingekuwa na vigawo, hakuna kizidisho ambacho kingeweza kuupitisha mfuatano kwenye namba zote hizo, na baadhi ya namba za kuanzia zingeuingiza kwenye mizunguko mifupi. Kompyuta za biti 32 zilipata bahati kubwa kwamba namba ya mwisho wanayoweza kuibeba ni tasa, na watengenezaji wakaitumia bahati hiyo. Huenda hapo ndipo kijana wenu alipoisikia habari ya namba tasa, kisha sababu zikabadilishana nafasi.

Kama binti yako anataka kuufanya uthibitisho mwenyewe, achukue daftari la hesabu na achore safu nne: namba ya kujaribu, baki ya 32,768, zao lake mara mbili, na baki ya mwisho. Aandike kwanza namba zote zinazozidi kwa 1 kigawe cha 248, na zote zinazozidi kwa 63 kigawe cha 248, hadi 46,340, na azifute zinazogawanyika kwa 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Baki ya kwanza ikizidi nusu ya namba anayoijaribu, atumie upungufu wake badala yake. Kwa 2,543, kwa mfano, baki ni 2,252, lakini 2,252 inapungua kwa 291 kufikia 2,543, na 291 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe inatoa jibu lile lile kwa hesabu fupi zaidi. Anapaswa kuishia na 1,524. Baada ya hapo inafuata 2,729, ambayo baki yake ya kwanza ni 20, na kutoka hapo aendelee mwenyewe.